Kigari cha Rafiki wa Kanuni

Benchi lenyewe ni ubao wa meli iliyovunjwa, umelazwa juu ya makreti mawili ya samaki nje ya ukumbi wa kuuzia nyama, upande ambao upepo wa kaskazini haufiki. Mji wa Maniitsoq mzima ni mawe na ngazi; aliyeupanga, kama yupo aliyeupanga, alikuwa na ugomvi na miguu ya watu. Kwa hiyo mtu akishashuka hadi gatini asubuhi hana haraka ya kupanda tena, na benchi linapata wateja wake. Kahawa ni ya Bolethe, anayeuza nyama ya sili humo ukumbini, naye huimimina kwa upendeleo wa wazi kabisa: ukimchekesha unajaziwa, ukimchosha unaonyeshwa kitako cha chupa. Jumamosi hiyo ya mwezi wa tano, theluji ikiwa imebaki vivulini tu, waliokaa walikuwa watatu. Kulikuwa na Juaaka, fundi mstaafu wa mitambo ya meli, ambaye hakuna anayemwita Juaaka isipokuwa mchungaji. Wengine wote humwita Nati. Kulikuwa na Evat, aliyepewa jina la Redio kwa sababu hazimwi. Na kulikuwa na Pavia, mzee wa klabu ya kayaki, ile mitumbwi myembamba ya mtu mmoja, anayeitwa Kanuni. Kanuni alikuwa na jambo lililomkosesha usingizi, akalitoa hivi.

— Nina rafiki yangu, akasema, akikitazama kikombe badala ya watu. Anataka kigari.

— Gari? Redio akadaka. Barabara ya kuliendesha iko wapi?

— Kigari, bwana. Cha magurudumu mawili. Unailaza kayaki juu yake, unaivuta hadi majini badala ya kuibeba.

Nati akaweka kikombe chini taratibu.

— Kayaki ivutwe? Kwa magurudumu?

— Si mimi ninayesema. Ni huyo rafiki.

— Na wewe Kanuni ukamsikiliza mpaka mwisho? Hukumzaba kofi?

— Ni mtu mzima. Ana shida ya bega.

— Anakitaka lini?

— Leo. Kabla ya saa sita.

Ukweli ni kwamba hakukuwa na rafiki. Bega lilikuwa la Kanuni mwenyewe, la kushoto, lililotoka mahali pake wakati wa baridi alipoteleza ngazini. La kulia lilishakufa zamani kwenye meli za uvuvi. Daktari wa Nuuk, mji mkuu, alimwambia kupiga kasia ruksa, kubeba marufuku. Na leo saa sita, maji yakijaa, klabu inafungua msimu: kila mtu anatoka kwake na kayaki begani, anateremka nayo mji mzima ukimwona, na anayeingia majini wa kwanza kila mwaka ni Kanuni. Ndiye aliyeandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa klabu, KILA MTU ABEBE KAYAKI YAKE. Ndiye pia aliyemwona mwalimu mmoja Mdenmark akija na kigari, akamuuliza mbele ya watu kama mtoto amelala. Mwalimu hakurudi tena klabuni, na Kanuni alisifiwa wiki nzima. Sasa alijijua vizuri. Asipoingia majini leo atapata sababu, mwakani atapata nyingine, na kayaki yake itaishia kutundikwa kwenye dari la makumbusho, watalii wakiitazama tumbo. Wazo hilo lilimtia hofu kuliko bahari ilivyowahi kumtia.

— Anunue basi, akasema Redio. Vipo tele mtandaoni, mwanangu alinionyesha. Vya alumini, vinakunjika. Unaagiza Denmark, meli inakuletea baada ya wiki tatu.

— Nimesema leo saa sita.

— Basi kitamkuta mwakani, yuko tayari mapema.

— Na cha Denmark kitembee wapi hapa? Nati akaingilia. Wewe Redio umewahi kufika Denmark?

— Nimefika. Nilikwenda kutolewa nyongo.

— Uliona mlima?

— Niliona kilima kimoja. Walikuwa wamekiwekea kibao.

— Umeona sasa? Kigari cha kule kimezoea kutembea kwenye zulia. Huku kikifika ngazi ya kwanza kitaomba kurudishwa kwao.

— Ngazi zenyewe si nyingi kihivyo, akasema Kanuni. Ukitoka mlangoni kuna zile za mbao, halafu lile jiwe kubwa, halafu ngazi nyingine pale nyuma ya kwa mwalimu wa kwaya...

Akajikatiza akiwa ameshachelewa.

— Nyuma ya kwa mwalimu wa kwaya, Redio akarudia, akiyaonja maneno. Kumbe huyo rafiki ni jirani yako.

— Si jirani hasa.

— Maana nyuma ya kwa mwalimu wa kwaya ninavyojua mimi kuna nyumba moja tu, na hiyo nyumba—

— Redio, akasema Bolethe kutoka mlangoni, kisu cha nyama mkononi. Kahawa yako inapoa.

Redio akamtazama, akakitazama kisu, akanywa kahawa. Kanuni akashukuru moyoni kwamba Mungu alimpa marafiki wazito wa kuelewa.

Vijana wawili wa klabu wakapita wakielekea majini, kayaki mabegani, mkono mmoja ndani ya tundu la kukalia, wanatembea kama hawajabeba kitu.

— Kanuni! Tunakusubiri mzee wetu! Huanzi kuvaa?

— Nakuja, nakuja. Tangulieni.

Akawasindikiza kwa macho mpaka walipokata kona. Zamani hakuwa akiyaona mabega ya watu. Siku hizi haoni kingine.

— Kigari hakinunuliwi, Nati akatangaza. Kinatengenezwa. Nipeni mbao nne, boliti, na magurudumu ya kigari cha mtoto. Yale makubwa ya nyuma yanapanda jiwe vizuri sana.

— Kigari cha mtoto cha nani?

Nati akasogeza kidevu upande wa ukumbi. Pale chini ya dirisha, juani, kilisimama kigari cha buluu kilichofunikwa blanketi.

— Mjukuu wangu yumo humo, akasema Bolethe. Amelala.

— Sijasema sasa hivi, shemeji. Akiamka.

— Gusa skrubu moja uone. Nitakukatakata nikuuze kwa kilo, na nitasema ni sili mzee.

— Mimi nasema tu kitaalamu. Yule mtoto anapandishwa na kuteremshwa ngazi hizi kila siku, na hajawahi kulalamika. Maana yake mtambo unafanya kazi.

— Hajaanza kuongea!

— Ndiyo nasema hajalalamika.

Bolethe akacheka bila kutaka, na kwa kuwa amecheka akalazimika kumjazia Nati kikombe. Redio hakupenda. Yeye ndiye mwenye habari, na kahawa ilikuwa inakwenda upande usio wake.

— Mnahangaika bure, akasema. Kigari kipo, kimeshatengenezwa, tena kirefu. Magurudumu manne ya mpira, yametiwa mafuta, hayalii hata kidogo. Kipo kanisani.

Bolethe akachungulia kutoka mlangoni.

— Kile cha jeneza? akauliza Bolethe.

— Wiki hii hakuna msiba. Kimekaa tu. Na vipimo vyake ndivyo hivyohivyo, mtu analala pale ananyooka... samahani, kayaki inalala pale inanyooka.

— Sasa watu wakikiona kinateremka ngazi Jumamosi mchana, si watauliza nani kafa?

— Watavua kofia. Adabu haijawahi kumdhuru mtu.

— Kuvua kofia tu? Nati akasema. Mwalimu wa kwaya atakiona dirishani, atatoka na kwaya nzima. Tutafika majini tuko wimbo wa tatu. Tena watu wataanza kulia, unajua kina mama wa mji huu, akilia mmoja wanalia wote. Halafu marehemu mwenyewe anaonekana kule ghubani anapiga kasia.

— Hapo ndipo mchungaji atajaza kanisa, akasema Redio.

— Mimi sipandi kitu cha msiba! Kanuni akafoka.

Wote wakamgeukia.

— Yaani yeye, akasema Kanuni. Alishaniambia. Hapandi.

— Tumeelewa, Nati akasema kwa upole mwingi. Hapandi. Basi tuache kanisa.

— Mbwa, akasema Redio, ambaye hajui kuacha. Kule Sisimiut, kaskazini, wapo mbwa wa kuvuta sleji za theluji hata wenyewe hawajui idadi. Tunawaomba kumi, tunawafunga kwenye kigari—

— Kigari ndicho hatuna!

— Tunawafunga kwenye kayaki moja kwa moja. Inateleza kwenye majani.

— Sheria inakataza mbwa wa sleji huku kusini, akasema Kanuni. Kwenye kanuni alikuwa hakosi.

— Sheria inakataza wasivute sleji. Kayaki imetajwa? Nionyeshe palipoandikwa kayaki.

— Wewe huwajui mbwa wa Sisimiut, akasema Bolethe. Wale huwa hawashibi. Watakula kayaki, watakula kamba, na huyo rafiki watamwachia kofia.

Kijana mwingine akapita na kayaki, kisha binti mmoja wa klabu, mwembamba kabisa, amejitwika yake kichwani na bado anakula mkate. Naye akamwita Kanuni, naye akaambiwa atangulie. Kanuni akaangalia saa yake, akaifunika na mkono wa koti, akaifunua tena.

Hapo Nati akasimama. Nati akisimama kijiweni watu husogeza vikombe, kwa sababu huongea kwa mikono.

— Sikilizeni, akasema. Tumekosea toka mwanzo. Tunawaza chini tu, chini tu. Magurudumu ya nini, na hewa ipo?

Akachukua kijiti akachora kwenye mchanga wa changarawe. Hapa mlango wa rafiki. Hapa gati. Katikati mstari mmoja mrefu.

— Huu ni waya wa kuvutia nyavu, ninao mzima nyumbani. Tunaufunga kwenye nguzo ya mlango wake, tunaushusha mpaka gatini. Kapi mbili. Kayaki inaning'inia. Rafiki anaingia ndani palepale nyumbani, anafunga koti lake shingoni, anashika kasia. Tunamwachia.

— Tunamwachia, Redio akasema, macho yamemtoka.

— Anapita juu ya mawe, juu ya ngazi, juu ya kwa mwalimu wa kwaya. Hakuna kubeba. Hakuna bega. Kila mtu anamwona.

— Na breki?

Nati akamtazama kwa huruma.

— Breki ni bahari.

— Akipita juu ya kituo cha polisi je?

— Atapunga mkono. Mtu mwenye adabu yule, si tumeambiwa ni mtu mzima?

— Na kurudi? Kanuni akauliza.

Akajisikia vibaya palepale, maana aliuliza kwa dhati. Alikuwa ameshaanza kuipima nguzo ya mlango wake akilini, kama itahimili, na kama upande wa kulia kwa jirani kuna dohani.

— Kurudi ni winchi. Ninayo moja ya meli ya kuvua kamba, inavuta tani mbili. Itamrudisha kwake kabla maji ya kahawa hayajachemka.

— Tani mbili itaung'oa mlango, akasema Redio.

— Basi atakuwa na mlango gatini. Wangapi wana mlango gatini?

Hapo ndipo msichana Ivalu aliposhuka ngazi za ukumbi, begi mgongoni, nywele zimefungwa juu. Alikuwa amefika na meli jana jioni kutoka Nuuk, alikosomea uuguzi miaka yote hii. Bolethe akaacha kisu akamkumbatia, na Kanuni akasimama wima, akajipangusa makombo ya keki kifuani.

— Baba, akasema Kanuni. Umerudi.

— Nimerudi, mwanangu, akajibu Ivalu.

Hakuna aliyecheka, maana hapakuwa na la kuchekesha. Ivalu alizaliwa wiki ile aliyozikwa mzee Enok, baba yake Kanuni, na wazazi wake wakampa jina la marehemu nyuma ya la kwake: Ivalu Enok. Tangu siku ya ubatizo, kama ilivyo desturi ya huku, kwa Kanuni yule mtoto ni baba yake aliyerudi, na baba ni baba hata akiwa bado ananyonya. Kila siku yake ya kuzaliwa alimpelekea mdoli mmoja na pakiti moja ya tumbaku, kwa kuwa Enok alikuwa mvutaji. Mdoli alibaki, tumbaku Kanuni aliivuta palepale mlangoni kwa niaba yake. Na hakuwahi kumdanganya, hata kidogo. Alipokuwa na miaka mitano Ivalu alimuuliza kama mdoli wake anapumua, Kanuni akamwambia hapana, mtoto akalia mpaka jioni, mama mtu akamsihi Kanuni aseme anapumua kidogo tu, akakataa. Enok alikuwa hadanganywi.

— Umevaa sweta ndani? Ivalu akauliza.

— Nimevaa, baba.

— Mbona umekonda?

— Nakula, baba. Muulize Bolethe.

— Kaa basi, unywe kahawa yako.

Kanuni akakaa. Redio akaficha mdomo nyuma ya kikombe. Ivalu akaegemea ukuta, akapokea cha kwake, akaona ile michoro mchangani.

— Hii nini?

— Waya, akasema Nati kwa fahari. Kayaki inateremka kwa hewa hadi baharini.

— Kwa nini iteremke kwa hewa?

— Mwenyewe ana bega bovu. Hawezi kubeba. Tumejaribu kigari cha Denmark, cha mtoto, cha jeneza, tumejaribu na mbwa. Imebaki hewa.

Ivalu akauangalia mstari ulikoanzia na ulikoishia. Akaangalia juu, kwenye nyumba zilizopangana mawe kwa mawe, kisha akawageukia.

— Kayaki ni ya nani?

Swali jepesi kabisa. Redio, ambaye hujibu hata maswali aliyoulizwa mtu mwingine mji mwingine, akaona ghafla kuna ndege juu ya ukumbi anayehitaji kutazamwa. Nati akafuta mchoro kwa soli ya kiatu, taratibu, kuanzia upande wa mlango. Bolethe akaanza kupangusa kisu ambacho kilikuwa kisafi.

Kanuni akawatazama mmoja mmoja, na ndipo alipoelewa. Walijua. Walijua tangu aliposema ana rafiki, na asubuhi nzima walikuwa wanamletea majeneza na mbwa na winchi ili tu asilazimike kulisema mwenyewe. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Akainamia kikombe, akapiga funda moja la kahawa.

Angeweza kusema ni ya rafiki. Neno moja tu, na wote watatu wangeapa kwamba rafiki huyo wanamfahamu, na mwaka wake wa kuzaliwa wangeutaja. Lakini aliyeuliza alikuwa baba yake.

— Yangu, baba, akasema Kanuni. Bega langu limekwisha. La kushoto. Hili jingine unalijua.

Ivalu hakumcheka wala hakumwonea huruma. Akasogea, akalishika lile bega juu ya koti, akaliminya mahali pawili kama wafanyavyo wauguzi, Kanuni akauma meno.

— Kasia unapiga?

— Napiga. Daktari karuhusu. Kubeba ndiko kumekatazwa.

— Haya, akasema Ivalu. Akavua begi akampa Nati alishike, akakunja mikono ya sweta. Maji yanajaa, twende. Nishike mbele au nyuma?

Benchi lote likamkodolea macho. Watu watatu wenye mvi, wote wamekua na kayaki, na mmoja wao ana funguo za klabu, na swali hilo hawakuwahi kuulizwa. Kayaki hubebwa na mwenyewe. Watu wawili chini ya kayaki moja hakuna aliyewahi kuwaona, wala kuwawaza, hata pale walipokuwa wanawaza mbwa kumi wa Sisimiut.

— Mbele, akajaribu Redio. Nadhani. Mbele si ndiko...

— Nyuma, akasema Nati. Hapana, ngoja. Ni kuteremka. Kuteremka ngazi mzigo wote unamlalia wa mbele. Wa nyuma anashikilia tu mkia.

— Sasa wa mbele awe mwenye kayaki au anayemsaidia?

— Kanuni inasemaje? akauliza Redio, kisha akatamani asingeuliza.

Wote wakamgeukia aliyeiandika. Kule majini watu walikuwa wameanza kupiga makelele ya furaha, jina lake likisikika katikati. Kanuni akasimama, akamaliza kahawa iliyobaki, akampa Bolethe kikombe.

— Mbele, baba, akasema. Shika wewe mbele.